WOTE WATATU WALIMWONA

Somo: Luka 10:25–37



Neno letu la safari hii limetokana na jambo dogo lililotokea hapa kwetu. Limetukaa moyoni, tukaona si vema kulinyamazia.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 2025, muda si mrefu baada ya mji wa Goma, huko Kongo, kutekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Ibada ilipokwisha tuliwasha simu zetu. Katika kundi letu la WhatsApp palikuwa na picha ya mtoto wa Goma akikimbia na godoro kichwani. Wengi wetu tuliguswa. Tukaandika "Amina", au "Mungu awatetee", kisha tukaituma kwa wengine. Kabla ya chakula cha mchana picha ile ilikwisha kuturudia mara tatu kutoka kwa watu tusiowajua.

Saa ile ile, chini ya mti ulio mbele ya kanisa, alikuwa ameketi mama mmoja kutoka Burundi, mmoja wa wale wanaovuka kuja kutafuta vibarua vya kulima. Mtoto wake alikuwa na homa kali. Tulimpita. Hatukumpita kwa chuki wala kwa kiburi. Tulimpita kwa sababu nyuso zetu zilikuwa zimeinamia simu, zikimhurumia mtoto wa Goma. Aliyesimama ni mjane mmoja wa Umoja wa Mama, ambaye hana simu ya namna hiyo. Yeye alimwinua yule mama, akambeba mtoto, wakaenda zahanati.

Ndugu, jambo hili limetufanya tuusome upya mfano wa Msamaria Mwema. Tumezoea kusema kwamba kuhani na Mlawi walikuwa watu wasiojali. Lakini tazameni vizuri anavyoeleza Luka. Kuhani alimwona yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Mlawi naye alimwona. Msamaria vile vile alimwona. Wote watatu walimwona! Katika habari ya kuona, hakuna aliyemzidi mwenzake. Tofauti ilianza pale Msamaria alipofanya jambo moja ambalo wale wawili hawakulifanya: alisogea karibu. Mafuta, divai, punda, nyumba ya wageni na zile dinari mbili, vyote vilifuata baada ya hatua zile chache za kuvuka upande wa pili wa njia.

Siku hizi watu wengi hufikiri kwamba shida ya dunia ni kutoonekana. Husema, "Laiti watu wangejua, wangesaidia." Kwa hiyo huchukua picha ya vita au njaa ya nchi ya mbali, wakaitia kwenye mtandao, na kwa siku moja ikazunguka dunia nzima. Sisi wa Ngara na Biharamulo tunayo haki ya kulitolea jambo hili ushuhuda, kwa maana sisi wenyewe tumewahi kuwa picha ya dunia.

Wazee wetu wa Rusumo na Kasulo wanakumbuka Aprili 1994. Mauaji ya Rwanda yalikuwa yameanza tarehe 7 ya mwezi ule. Maiti zilishuka na mto Kagera, zikapita mipakani mwetu kuelekea Ziwa Viktoria. Ulimwengu uliziona katika televisheni. Je, ulifanya nini? Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuwapunguza askari wake wa kulinda amani Rwanda, kutoka 2,500 hivi wabaki 270. Habari hazikukosekana. Macho hayakukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusogea karibu.

Wiki moja baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Ndipo zikaja kamera, na magari meupe, na ndege. Jina la Ngara likatajwa katika miji ambayo hatutafika kamwe. Lakini kabla lori la kwanza la chakula halijafika, palikuwa na wenyeji waliotoa ndizi na maharage yao, na waliowafungulia watu wasiowajua milango wapate kulala. Hakuna aliyewapiga picha hao.

Na kamera hazikukaa. Mwezi Julai mwaka ule ule watu wengi zaidi walikimbilia Goma, kipindupindu kikawaua kwa maelfu, na kamera zikahamia huko. Wakimbizi wa Benaco walikuwa wangali Benaco. Miti yetu ilizidi kukatwa kwa kuni, visima vilizidi kukauka, na watoto walizidi kuzaliwa katika mahema. Jambo jingine gumu ni kwamba picha hazikusema yote. Zilionyesha njaa, nayo ilikuwa njaa ya kweli. Hazikuonyesha kwamba katikati ya wale wenye njaa walijificha pia wale waliokuwa wameua, na kwamba wengine wao ndio waliokuwa wakitawala kambini. Mpaka kufikia mwisho wa Desemba 1996, serikali ilipoamuru warudi, karibu wakimbizi wote wa Rwanda walikwisha kuondoka. Dunia ilikuwa imekwisha kugeukia mambo mengine siku nyingi.

Jirani zetu wa Uganda wanao ushuhuda wao. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children lilitoa kwenye mtandao sinema ya nusu saa juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, waliojiita jeshi la Bwana huku wakiwateka watoto wa Kaskazini ya Uganda. Katika siku 6 sinema ile ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Vijana wa Marekani na Ulaya walinunua bangili na mabango wakaahidi kwamba mwaka ule Kony angekamatwa. Walikuwa na moyo mwema, nasi hatuwacheki.

Lakini tarehe 13 Machi sinema ile ilionyeshwa mjini Lira, mbele ya maelfu ya watu ambao vita vile viliwapita juu ya migongo yao. Walikuja wakitazamia kujiona. Badala yake walimwona zaidi mtengeneza sinema, Jason Russell, akimweleza mtoto wake mdogo habari za Kony. Wakaona jina la yule aliyewaua ndugu zao likivaliwa kama pambo. Wakauliza: sisi tuko wapi? Mkutano ulikwisha kwa hasira na mawe, na maonyesho mengine yakaahirishwa. Kony mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha Uganda miaka kama 6 nyuma, akizunguka Kongo na Afrika ya Kati, jambo ambalo sinema ililigusa kwa maneno machache tu. Tarehe 20 Aprili, usiku ambao vijana walikuwa wametakiwa kutoka na kubandika mabango, katika miji mingi walitoka wachache. Hata Septemba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliposikiliza mashtaka yake huko The Hague, yeye hakuwapo, kwa maana alikuwa hajakamatwa.

Hatusemi kwamba kutangaza ni kazi bure. Shirika lile lile lilisaidia kuweka redio za upepo katika vijiji vya Kongo na Afrika ya Kati, ili watu waonyane adui anapokaribia. Kazi hiyo ya redio haikutazamwa na milioni mia, ila ilikuwa karibu na wenye shida.

Na sasa twawaomba mkumbuke jambo la mwaka 2003, katika Uganda hiyo hiyo. Siku zile kila jioni maelfu ya watoto wa Waacholi walitembea kutoka vijijini mpaka mjini Gulu, wakalale barazani na katika kituo cha mabasi, wasije wakatekwa usiku. Kila mtu aliwaona wakipita. Mwezi Juni viongozi wa dini waliacha vitanda vyao. Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki, Askofu mstaafu Macleod Baker Ochola wa Dayosisi ya Kitgum, wa Kanisa letu la Kianglikana, pamoja na wenzao, na Mwislamu akiwamo, walikwenda na kulala chini nje pamoja na wale watoto, usiku baada ya usiku. Askofu Ochola huyu, mkewe aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, naye akaendelea kuhubiri amani na msamaha. Dunia ilisikia habari ya usiku ule, ndiyo, lakini ilisikia kwa sababu walikuwa wamekwisha kulala pale. Hawakumwonyesha mtu picha ya mtoto. Walijilaza ubavuni pake.

Huko ndiko kukaribia, ndugu. Na Mungu wetu naye hufanya vivyo hivyo. Hakutosheka kutuona kutoka mbinguni. Alikuja, akakaa kwetu, akazaliwa katika zizi, na angali mchanga akakimbizwa usiku kwenda Misri, mkimbizi mwenye mama mkimbizi.

Tukisema haya hatuna budi kujichunguza wenyewe. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wageni wasio na vibali, maelfu waliondoka. Baadhi yao walikuwa wamekaa kwetu miaka mingi, wameoa na kuolewa kwetu, wamebatiza watoto kwetu. Hatuandiki kubishana na sheria za nchi. Twauliza juu yetu sisi, majirani. Hakuna picha iliyozunguka dunia kwa ajili yao, lakini sisi tuliwaona, maana walipita mlangoni petu. Ni wangapi tuliosogea kuwapa maji ya njiani, au kuwatunzia shamba mpaka warudi? Na je, hatukuwapo tulionunua ng'ombe wa jirani kwa bei ya mbuzi kwa kuwa hakuwa na muda wa kukataa? Aliyepaswa kujibu ajibu mbele za Mungu, ingali mchana.

Basi tufanye nini? Hatuwaambii mzitupe simu zenu. Lakini tuyashike mambo haya.

Kwanza, tusitume tusilolijua. Picha ya zamani hutolewa ikaitwa ya leo, na ya nchi moja ikaitwa ya nyingine. Mwenye kuieneza ameshuhudia uongo, hata kama alilia machozi alipokuwa akiituma. Uliza kwanza: ni wapi, ni lini, nani asema?

Pili, tumheshimu aliye katika picha. Yule mtoto aliye uchi, yule maiti, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kama angekuwa mwanao, ungependa aonwe na kila mtu akiwa katika hali hiyo?

Tatu, neno "Amina" lisiwe mwisho wa kazi. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea wanaomwombea heri mwenye njaa kisha wakamwacha na njaa yake. Ukiandika Amina kwa ajili ya Goma, piga magoti kweli kweli, uutaje mji ule kwa jina, kisha utenge kitu, hata kama ni shilingi chache, ukipitishe katika mikono ya kanisa au ya watu wanaoaminika walio huko.

Nne, na hili ndilo kubwa: kila picha ya mbali itukumbushe mtu wa karibu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kuona hakutugharimu kitu. Walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twawaomba wazee wa kanisa katika kila mtaa wa parishi yetu waulize kila Jumapili, kabla watu hawajatawanyika: "Nani amekaa chini ya mti leo?" Naye aliye karibu zaidi aende.

Yule mtoto wa mama wa Burundi alipona. Twamjua jina lake, kwa sababu mjane yule alimwuliza mama yake, akatuambia. Jina la mtoto wa Goma mwenye godoro hatulijui mpaka leo, ingawa tuliituma picha yake mara nyingi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuona ukaja karibu, utusamehe tulipokuona katika wenye shida tukapita upande wa pili. Uwakumbuke watu wa Goma, wa Sudani na wa kila mahali penye vita. Utupe miguu ya kuyafuata macho yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Sisi ndugu zenu katika kazi ya Bwana.