Dakika Zako Ziko Wapi?

Umekaa juu ya ukuta wa kiwanja pale Kikula, Likasi, viatu vimening'inia shingoni, unasema Ulaya hawatutaki.

Nani kakuambia?

Taja klabu iliyokukataa. Taja siku. Taja mtu aliyekutazama dakika 90 nzima kisha akatikisa kichwa. Huna hata mmoja! Hakuna aliyekukataa, mdogo wangu. Hakuna anayekujua. Na hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Aliyekataliwa ana haki ya kununa siku mbili tatu. Wewe unanunia nini?

Najua utakachonijibu. Kibali cha kazi. Waingereza hawatoi kibali kwa mtu wa Likasi, biashara imeisha, twende nyumbani tukale bukari. Neno hilo umelisikia kwa kaka zako, nao walilisikia kwa kaka zao, mpaka limekuwa kama deni la ukoo: kila mtu analilipa, hakuna anayejua nani alikopa.

Basi leo tulitoe nje tulitazame usoni.

Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, mchezaji anayetoka nje hupimwa kwa alama. Anatakiwa apate 15. Alama hizo zinatoka wapi? Kwenye mechi za timu ya taifa. Kwenye dakika ulizocheza katika ligi yako. Kwenye dakika za mashindano ya bara. Kwenye nafasi ambayo klabu yako ilimaliza, na umbali ilioufikia katika kombe la bara. Kwenye uzito wa ligi unayochezea.

Umeona mahali pameandikwa mtaa wako? Umeona kazi ya baba yako? Umeona kabila, sura, lafudhi ya Kifaransa chako?

Wanahesabu dakika.

Zako ziko wapi?

Sitakudanganya. Mizani yao haijakaa sawa. Dakika iliyochezwa Lubumbashi au Kinshasa inapimwa kuwa nyepesi kuliko dakika iliyochezwa Ubelgiji, hata kama jasho lilikuwa moja, na mimi jambo hilo linaniuma. Lakini mizani hiyo haitarekebishwa na wewe kukaa ukutani. Na tazama: tangu Juni 2023, klabu za Premier League na za daraja linalofuata zimeruhusiwa kuwa na wachezaji hadi wanne ambao hawakufikisha alama. Ukuta umetobolewa. Tundu ni dogo, ndiyo. Sasa niambie, ukuta ukitobolewa anapita nani? Anapita aliyekuwa amesimama karibu, viatu vimefungwa. Aliyekwenda kulala atahadithiwa.

Unataka mfano? Nitakupa wa jirani.

Januari 2010, Manchester City walimtaka McDonald Mariga, kiungo wa Kenya aliyekuwa Parma, Italia. Wakati huo sheria ya Uingereza ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya nafasi 70 za juu za FIFA. Kenya ilikuwa nje. Kibali kikagoma, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa. Mtu mwingine angepiga magoti akalia. Saa za mwisho mwisho, Inter Milan wakamchukua. Mei mwaka huohuo Inter wakatwaa Ligi ya Mabingwa kule Madrid, na Mariga, Mkenya wa kwanza kucheza mashindano hayo, alikuwa amekaa kwenye benchi lao siku ya fainali.

Mlango mmoja ulifungwa Manchester. Mwingine ukafunguka Milano. Kwa nini ulifunguka? Kwa sababu alikuwa na dakika. Alikuwa anacheza Italia, anaonekana kila wiki, miguu yake haikuhitaji utambulisho.

Na mdogo wake, Victor Wanyama? Akapitia Ubelgiji, akaenda Celtic ya Scotland mwaka 2011, na mwaka 2013 akasajiliwa Southampton. Mkenya wa kwanza kucheza Premier League. Nchi ileile iliyomgomea kaka ilimfungulia mdogo, kwa sababu mdogo alizunguka.

Je, wewe umezunguka wapi? Umefika hata Lubumbashi?

Kilomita 120 tu! Barabara ile ya lami inapita mjini kwako. Malori ya shaba yanaifahamu kuliko wewe.

Mwaka 2011 kijana wa Dar es Salaam, Mbwana Samatta, alikuja na Simba kucheza na TP Mazembe. Alikuwa na miaka 18. Akawafunga Mazembe, na Mazembe wakamsajili. Akahamia Lubumbashi, mji ambao wewe unauona mdogo, mji unaouruka katika ndoto zako ili utue Paris. Akakaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 akatwaa nao Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na Januari 2016 akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Mwezi huohuo akaenda Genk, Ubelgiji.

Kwa nini Ubelgiji? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ubelgiji haikuulizi nchi yako ni ya ngapi duniani. Sheria yao inamtaka mwajiri amlipe mchezaji asiye wa Umoja wa Ulaya mshahara usioshuka chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho ni kikubwa. Maana yake nini? Klabu haikuchukui kwa huruma. Inakuchukua ikiwa imeamini kwamba unastahili fedha hizo kuliko kijana wa pale pale kijijini kwao. Ni mtihani mgumu, lakini ni mtihani wa mpira.

Novemba 2019 Samatta akaifunga Liverpool kwa kichwa, Anfield, katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Januari 2020 Aston Villa wakamchukua. Tanzania ilikuwa mbali mno na nafasi 50 za juu ambazo sheria ya wakati huo ilizitaka. Kibali kikatoka. Bendera ya nchi yake haikuweza kumbeba, akabebwa na miaka yake ya kazi: Lubumbashi, Genk, usiku mmoja Anfield.

Aliuanza msafara huo kwenye kiwanja ambacho wewe unaweza kukifikia kwa basi.

Na kama unadhani umechelewa, kama una miaka 22 na tayari unajiita mzee, niambie Fiston Mayele alikuwa na miaka mingapi Juni 2025. Mkongomani huyu aliondoka AS Vita mwaka 2021 akaenda Yanga, Dar es Salaam. Watu walicheka: mshambuliaji wa Congo anakwenda Tanzania kutafuta nini? Alikuwa anatafuta dakika! Mwaka 2023 akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika akiwa mfungaji bora wa mashindano. Pyramids ya Misri wakamchukua. Tarehe 1 Juni 2025, Cairo, akafunga bao katika fainali na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 31.

Wewe una 22 na umestaafu ukutani.

Nilimwona kijana mmoja Jumapili, baada ya mechi ya mtaa. Mguu wa kushoto ule, sijui niueleze vipi. Alikuwa anapokea mpira kwenye vumbi la Juni, mpira unaruka ovyo kwa mashimo, na yeye anautuliza kwa upande wa nje wa kiatu kama anayemtuliza mtoto. Nikamwita. Nikamuuliza, una video? Akatoa simu. Kioo kimepasuka kona. Sekunde 18. Nusu ya picha imezibwa na kichwa cha mtu, na sauti inayosikika ni ya mama anayeuza maji. Anapiga chenga mbili, kisha video inakatika.

Nikamuuliza, nyingine? Hana.

Cheti cha kuzaliwa? Kiko kwa baba mdogo, Kolwezi.

Leseni ya klabu ya mwaka jana? Katibu alisema ataifuatilia.

Mechi ngapi umecheza msimu huu? Akatazama juu, akahesabu kwa vidole, akaacha.

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga makofi, vyote pamoja. Kipaji kile! Na hakuna karatasi moja duniani inayothibitisha kwamba kipo. Skauti akifika kesho asubuhi, kijana huyu atamwonyesha nini? Sekunde 18 na kichwa cha mtu?

Tunakaa katika mji wa shaba. Jiwe la kijani likitoka mgodini Kambove halimwambii mtu yeyote kwamba ndani yake kuna mali. Linapondwa. Linatiwa asidi. Linapitishwa umeme kwenye kiwanda cha Shituru. Ndipo linatoka bamba jekundu ambalo ulimwengu mzima unalipigania. Baba zetu walifanya kazi hiyo zamu baada ya zamu, usiku na mchana, na hakuna aliyesimama mbele ya jiwe akalisubiri lijisafishe.

Wewe unasubiri nini?

Ligi imesimama? Ni kweli, husimama, na aibu hiyo si yako. Lakini miguu yako haikusimamishwa na shirikisho lolote. Kiwanja kina mashimo? Kijana wa mguu wa kushoto anacheza kwenye mashimo hayohayo. Unashuka mgodini alfajiri kutafuta chakula cha nyumbani? Hapo nakuvulia kofia, na sitakukejeli hata kidogo. Lakini jioni, ukitoka, nusu saa ile unayoimaliza ukisimulia Mputu wa Mazembe alivyokuwa anapiga chenga: nipe hiyo nusu saa. Ukutani na mpira. Mguu mbaya mara mia mbili. Kila siku. Uone Desemba itakukuta wapi.

Na wewe binti unayesoma hapa ukidhani nazungumza na kaka yako peke yake! Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR 1-0 katika ardhi ya Morocco wakawa mabingwa wa Afrika. Wametoka hapo Lubumbashi. Viatu vyako viko wapi?

Sasa kuhusu yule mwenye miwani na viatu vya kung'aa anayesema anakupeleka majaribio Uturuki kwa dola 800.

Kimbia.

Ana leseni ya wakala ya FIFA? Mwombe akuonyeshe. Ana barua ya mwaliko yenye jina lako na jina la klabu? Ipigie klabu hiyo simu wewe mwenyewe. Una miaka 16 na anasema utasaini mkataba Ulaya mwezi ujao? Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, na yeye si mojawapo. Kila mwaka familia zinauza kiwanja, zinauza cherehani, na mtoto anaachwa kituo cha basi katika mji asioujua. Usiwe wewe. Haraka ninayokutaka uwe nayo ni ya mazoezi. Ya kusaini, hapana.

Na ninyi makatibu wa klabu ndogo, mnaoweka leseni za watoto kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, mnajua mmelalia nini? Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kijana mliyemlea miaka miwili, akiwa na 16 na 17, akiuzwa siku moja kwa dola milioni 2, fungu lenu ni dola 20,000. Mipira mingapi hiyo? Jezi ngapi? Lakini hakuna atakayewalipa kwa kumbukumbu za mdomo. Mwandikisheni mtoto leo, tarehe sahihi, jina sahihi, umri wa kweli. Umri wa kweli, nimesema. Mkimpunguza miaka miwili mnadhani mmemsaidia, kumbe mmemtegea shimo mbele ya safari.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Desemba 2010, pale Abu Dhabi, timu ya mji wa jirani, TP Mazembe, iliwafunga mabingwa wa Amerika Kusini, Internacional ya Brazil, mabao 2-0, ikaingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika hapo. Waliokutana nao fainali ni Inter, klabu ileile iliyomchukua Mariga. Walifungwa 3-0, lakini walifika, na walikuwa vijana waliokula bukari ileile unayokula, waliosikia maneno yaleyale kwamba haiwezekani.

Basi shuka ukutani.

Jumatatu nenda komini ukachukue nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Jumanne mfuate katibu nyumbani kwake, usiondoke bila leseni. Tafuta daftari la shule, andika kila mechi: tarehe, wapinzani, dakika ulizocheza. Jumapili mpe mdogo wako simu, apande juu ya ukuta huohuo uliokuwa umeukalia, arekodi kipindi chote, dakika 45, bila kukata.