Usukani Kwanza, Mzigo Baadaye

Wanangu mnaoshuka na baiskeli za gia kutoka Umatengo hadi Mbamba Bay, mahindi na ndizi vikiwa kwenye keria, nina neno nanyi juu ya usukani. Zamani neno la namna hii lingesemwa kwenye sengu, ukoo ukiwa umekula pamoja na wazee wamepewa nafasi ya kuonya. Siku hizi kila nyumba inakula kivyake, basi naliandika.

Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa halizidi mita 500. Tofauti yote hiyo mnaishuka ndani ya kilomita 66. Barabara ilipokuwa ya vumbi, mashimo na mawe yalimlazimisha mtu kwenda taratibu. Sasa ni lami, na kijana mwenye gunia nyuma anateremka kwa kasi ambayo sisi hatukuijua. Kwa kasi hiyo, usukani ukikatika mkononi, huna breki wala njia.

Phoenix tulizoendesha sisi zilikuwa na usukani wa chuma. Ulikuwa mzito, ukishika kutu, lakini ukizidiwa ulipinda kwanza, nawe ukauona umepinda ukampelekea fundi. Baiskeli za mlimani za mtumba nyingi zina usukani wa alumini. Alumini ni nyepesi na haili kutu kama chuma, ila huchoka kimyakimya. Kila mtikisiko unaipunguzia uhai, hata mtikisiko mdogo, na ufa huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya shingo, pale bolti zinapoubana. Siku ya kuvunjika huvunjika mara moja. Ndiyo maana nawasihi msinunue usukani wa alumini uliotumika, hata ukiwa na jina kubwa na rangi ya kupendeza, kwa sababu hakuna anayeweza kukuambia umeanguka mara ngapi huko ulikotoka. Na wa kwako ukianguka vibaya, ukapinda au ukakwaruzika kwa kina, uache. Usiunyooshe wala usiupeleke kuchomelewa. Moto wa kuchomelea huilegeza alumini iliyo karibu na kiungo, na bomba la usukani ni jembamba.

Kama fedha ni kidogo, nunua wa chuma ulio mpya. Uzito wake utausikia ukipanda mlima. Sioni aibu ndani yake.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi. Sehemu ya katikati ya usukani, ile inayoingia kwenye shingo, katika baiskeli nyingi za zamani ina unene wa milimita 25.4. Za baadaye ni 31.8, na zipo za 35. Sehemu ya mikononi zote hizo ni 22.2, kwa hiyo raba na mikono ya breki vitaingia vizuri, nawe utadhani kazi imekamilika. Kumbe katikati pana pengo, na pengo hilo hujazwa kipande cha kopo la soda. Nimekiona kipande hicho kwenye baiskeli nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kopo huteleza, usukani hugeuka ghafla ukiwa umeuegemea kwenye mteremko, kifua kinafuata. Nenda dukani na usukani wa zamani mkononi, na fundi apime kwa kalipa. Usikubali kupimiwa kwa macho.

Upana nao una mahali pake. Usukani wa siku hizi hufika milimita 800, wakati wa zamani mwingi ulikuwa chini ya 600. Mpana humsaidia mtu kuishika njia yenye mawe, lakini kwenye vijia vya katikati ya mibuni utakuwa unakwaruza vidole kila hatua, na barabarani unakusogeza karibu zaidi na malori. Chagua unaolingana na mabega yako, kisha uongeze kidogo. Ukiukata, kata pande zote mbili sawasawa, na uzibe ncha zake. Bomba lililo wazi likimchoma mtoto tumboni akianguka linaweza kumpasua ini au wengu bila damu kuonekana nje.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hulisahau wanaporudisha waya. Baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Zilizotoka Ujerumani, mara nyingi kushoto. Uliza, kisha jaribu mwenyewe ukiwa umesimama. Mkono uliozoea kubana breki ya nyuma ukibana ya mbele kwenye mteremko, utarushwa juu ya usukani huohuo ulioulipia.

Na ndoo ya usipa haining'inizwi kwenye usukani. Huo mzigo unaobembea ndio unaokuvutia bondeni kwenye kona.

Fundi akimaliza, usipakie kitu siku hiyo. Simama mbele ya baiskeli, libane gurudumu la mbele kati ya magoti, ugeuze usukani kulia na kushoto kwa nguvu zako zote, kisha uukandamize chini kwa uzito wa mwili. Ukisogea hata kidogo, mrudishie hapohapo, kabla hajafunga banda.