Nyuzi na Ulimi

Mjadala wa nyuzi umenichosha. Nimewasomesha wanawake fiqhi hapa Mikunguni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na haupiti mwaka asinyanyue mmoja mkono: "Maalimu, udi halali au haramu?" Nawapa ya pande zote mbili. Ipo hadithi ya Bukhari iliyozitaja ala za muziki pamoja na zinaa na ulevi. Ipo na ya wale wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi. Sayyidna Abubakar akawakemea, Mtume akamwambia awaache. Wanafunzi wanaandika daftarini, wanaaga vizuri, na Alhamisi tunakutana harusini, sote tumekaa mbele ya kinanda.

Lamu waliwahi kugombana vikali kwa ajili ya matwari, pale Habib Swaleh alipoyaingiza katika maulidi ya Riyadha mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kuyasikia. Suala la ngozi na nyuzi lina tabia hiyo: wajukuu husahau babu zao waligombea nini. Mimi ningependa niulizwe jengine. Mtu akisimama kwenye kadamnasi akamtaja mwenzake kwa jina na kwa kosa lake, akatia na sauti nzuri juu yake, hiyo ni ghiba au ni ushahidi?

Hapa mjini suala hilo halikuwepo zamani za Seyyid Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Taarabu ya jumba la mfalme ilikuwa ya Kiarabu, na waliokuwa wakitikisa vichwa si wote waliofahamu kinachoimbwa. Hata Akhwan Safaa walipoanzisha klabu yao mwaka 1905, wakajipa jina la wale wanafalsafa wa Basra ambao katika risala zao 52 ya tano ni ya muziki, bado Kiarabu ndicho kilichotawala. Ukiimbwa mwezi na macho ya mpenzi kwa lugha ya Misri, jirani yako hajaguswa.

Siti binti Saad ndiye aliyetuletea suala. Alitoka Fumba akija mjini kuuza vyungu, kisha akahamia, akaishi Ng'ambo, mtaa uliojaa watu waliotoka katika utumwa baada ya amri ya mwaka 1897. Akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaingia nyumba ambazo yeye mwenyewe asingepita ukumbini. Nyimbo zilizokuwa zikisikika barazani kwake zilikuwa na mambo ya waliokaa pale: nani kadhulumiwa, hakimu kasema nini, tajiri gani kaingia jela.

Mfano wangu ni "Kijiti". Wimbo unasimulia mgeni wa kike aliyealikwa mchezoni usiku, akapelekwa vichakani, akarudishwa maiti. Mwanamme anayetajwa akakimbilia Dar es Salaam, na mbele ya jaji waliobanwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Jina lake, Kijiti, limo tangu mwanzo. Halikufichwa kwa fumbo wala kwa jina la ndege, kama desturi yetu tunapotaka kumsema mtu na tubaki wastaarabu.

Surat al-Hujurat imemfananisha msengenyaji na mla nyama ya nduguye aliyekufa. Lakini katika Surat an-Nisaa Mwenyezi Mungu, anapokataza maneno mabaya kutangazwa, amemtoa aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihina, kitabu tunachokisoma kila Ramadhani bila ya kusimama kwenye mlango wake wa ghiba, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asiyekuwepo. Ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumtolea haki.

Faqihi mkali atanisimamisha hapo hapo, na ana haki. Baraza la Ng'ambo lilikuwa na uwezo gani? Waliokaa pale walikuwa wachukuzi, mafundi, watwana wa jana. Mwenye uwezo alikuwa jaji wa Kiingereza, naye kesha kusema lake. Kwa hiyo sababu ya kwanza siitegemei. Nategemea ya nne, ya kuwatahadharisha watu na shari. Mwenye kutuhumiwa kuua yumo Dar es Salaam, hapana asiyejua kuwa majahazi yanakwenda na kurudi, na wapo wanawake wengine wanaopenda kwenda mchezoni. Kumtaja huyo ni wajibu, na sauti nzuri inaufikisha wajibu mbali zaidi kuliko karatasi ya mahakama.

Ruhusa hii haizifuniki ngoma zote. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vikitukanana pwani nzima kwa ajili ya kushindana tu: nani ana sare nzuri, nani kachinja ng'ombe wengi. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Ngoma ile ile, watu wale wale, lakini ulimi umekosa udhuru.

Kuna linalonisumbua hata hivyo. Bibi yangu mzaa mama, asiyekosa uradi, alikuwa akiiweka santuri ya "Kijiti" na kunyamaza mpaka mwisho, amwombee maiti rehema, kisha atie nyengine ya mapenzi na kuchezesha mabega. Imamu Ghazali angemwelewa: kwake yeye muziki hautii kitu moyoni, unachochea kilichomo. Kauli nzuri, ila naona inamwachilia mwimbaji kwa wepesi. Inampa msikilizaji hesabu yote.

Na mwimbaji ana hesabu yake kwa yule mgeni. Naye ametajwa, usiku wake wa mwisho umekuwa wimbo, wala hakuulizwa. Katika sharia yetu damu ya aliyeuliwa ina wenyewe: jamaa zake ndio wenye kudai kisasi, kupokea dia au kusamehe. Na kisa chake ni cha nani? Hilo nalo lazima liulizwe, na leo khasa, tunapopokea kwenye simu sauti ya mtu akisimulia kipigo cha jirani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea sauti kama hiyo akitaka fatwa ya kuisambaza. Nikamuuliza kama aliyepigwa amekubali. Hakuwa amemuuliza, na mwanamke mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Nikamwambia aende kwanza. Siti hakuwa na pa kwenda, kwani aliyekuwa wa kuulizwa keshazikwa. Na kwa sababu hiyo wimbo wake naupa udhuru ambao mwanafunzi wangu sikumpa.