Jirani Aliyesikia Ndogo

Grosari ya jirani yetu pale Sinza ilianza na redio ndogo ya kaseti juu ya friji. Wateja walikuwa wazee wa mtaa waliokuja kucheza bao, na aliyetaka kusikia taarifa ya habari ilibidi asogeze kiti. Waliohamia baadaye hawakuamini kwamba mahali pale paliwahi kutulia.

Kisha ikafunguliwa baa ng'ambo ya barabara, na spika zake mbili mlangoni. Jirani akanunua mbili. Wa ng'ambo akaongeza sauti, naye akaongeza. Mwaka haujaisha alikuwa na spika nne zinazofika kifuani mwa mtu mzima, amplifaya, na kijana wa kuchezesha muziki. Zote zilielekezwa barabarani ili apitaye ajue pamechangamka. Ng'ambo ya barabara hiyo kulikuwa na madirisha yetu.

Joto la Dar es Salaam halikuachii ufunge dirisha. Hata ukifunga, besi haipigi hodi: sauti nyembamba ukuta huipunguza, besi hupita na kutikisa vyombo kabatini. Mama mmoja mwenye kichanga alikuwa akihamia kwa dada yake Kimara kila Ijumaa. Mtoto wa kidato cha nne alisoma kapachika pamba masikioni. Na bibi mmoja mwenye presha alikaa kitandani mpaka saa tisa usiku akingoja wimbo wa mwisho. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, likiandikia nchi za Ulaya, lilishauri kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Kwetu, mtu akitaka kusemezana na mkewe chumbani ilibidi amkaribie sikioni.

Tulinung'unika dukani, msibani, ndani ya daladala. Kwa jirani mwenyewe hatukwenda. Tuliogopa kuambiwa tunaionea wivu riziki ya mwenzetu, na baadhi yetu, mimi nikiwamo, tulikuwa na madeni kwenye daftari lake. Wala hatukukosa pa kulalamikia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zikatoka mwaka 2015. Baraza la mazingira, NEMC, lilikuwa likipokea malalamiko ya namna hii. Hata ofisi ya serikali ya mtaa haikuwa mbali. Miaka minne ikapita.

Mwenyekiti wa mtaa alipomfuata hatimaye, jirani alimsikiliza kwa adabu, kisha akamjibu: "Mwenyekiti, mbona mimi naisikia ndogo tu?"

Tulisema ni jeuri. Ilikuwa kweli tupu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ndani kabisa ya sikio mna vijinywele laini vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Kipimo kinachotumiwa sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda huo hukatwa nusu. Zikifika 100, dakika zilizobaki ni 15. Yeye alisimama mbele ya spika zake kuanzia jioni hadi saa tisa usiku, na kila msimu alimwambia yule kijana aongeze kidogo, muziki haufiki. Masikio yalipovuma asubuhi alidhani ni uchovu. Mvumo ule ni onyo, na aliyeambiwa mapema angeweza kuokoa sehemu kubwa.

Uziwi wa namna hii hauanzi na kimya. Huanza na herufi: s, f, sh, zile zinazopita juu juu. Mteja aliomba supu, naye akainuka kutafuta chupa tupu. Tulicheka siku ile. Hakuna aliyejiuliza.

Bibi yule alifariki kabla spika hazijazimwa. Sitasema kelele ndizo zilizomuua, presha ina sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba miaka yake ya mwisho alilala kwa saa tatu tu kila usiku, na kwamba sisi watu wazima wa nyumba sita, tungekwenda kwa jirani jioni moja kabla muziki haujaanza, tukakaa naye na kumwambia kwa upole ageuzie spika ndani na azizime saa nne, huenda tungemsaidia bibi, na huenda tungemsaidia yeye pia.

Sasa spika ameziuza. Wazee wamerudi na bao lao, naye hukaa barazani akitazama tu, maana mazungumzo ya watu watatu humpita. Juzi mjukuu wake alitoka shule, akamwamkia kutoka nyuma ya kiti: "Shikamoo, babu." Mzee hakugeuka. Mtoto akakizunguka kiti, akaweka begi chini, akasimama mbele yake mpaka macho yao yakakutana, ndipo akaamkia tena.