Je, Kazi Unayoifurahia ni Sadaka?

Kwetu sisi wa Chapwa treni si kitu kigeni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapa Tunduma katika safari yake ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini huko Uingereza zipo reli nyingine, ndogo mfano wa mchezo. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili mara nyingi ni inchi 5 au inchi 7 na robo tu, na abiria hukaa juu ya behewa kama tupandavyo bodaboda. Baadhi ya treni hizo huendeshwa kwa makaa na mvuke wa kweli. Vyama vya wapenda reli huzijenga kwa mikono yao, na siku maalumu huwakaribisha watu wote wapande na watoto wao. Wanaohudumu hapo hujitolea, hawalipwi.

Hapo ndipo linapozuka swali. Mtu aliyependa treni tangu utoto, akitoa siku yake ya mapumziko kuendesha treni, ametoa sadaka au amecheza tu?

Maandiko yanaonekana kuvutana. Katika 2 Samweli 24, Daudi anakataa kupewa bure uwanja wa Arauna Myebusi, maana hataki kumtolea Mungu kisichomgharimu. Katika 2 Wakorintho 9, Paulo anataka mtoaji asilazimishwe, bali atoe akifurahi. Mmoja anadai gharama, mwingine furaha. Ndiyo maana wengine wetu huamini kwamba utumishi wa kweli lazima uume, na tukimwona mwanakwaya anacheka mazoezini tunasema anajifurahisha.

Nadhani hapo tunapima kisichopimwa. Tazama tena siku ile ya treni. Wengi wangependa kuendesha. Lakini lazima mmoja asimame mlangoni, mwingine aangalie watoto wasitoe mikono nje, mwingine azoe majivu jioni watu wakishaondoka. Na kabla ya siku hiyo kuna aliyepiga magoti akikaza reli na kubadilisha mataluma yaliyooza. Furaha ya dereva haina kosa. Jaribu lipo kwenye zamu: akiambiwa leo ni zamu yake ya majivu, atabaki? Akibaki, furaha yake ilikuwa pia kwa ajili ya watoto. Akiondoka, alikuwa abiria tu, kama abiria wengine.

Basi gharama anayotufundisha Daudi si lazima iwe maumivu. Ni kukubali kazi nzima, si sehemu yake tamu peke yake. Kwetu kanisani maikrofoni haikosi mtu. Masufuria baada ya sherehe ndiyo hukosa.

Tena gharama haiko sawa kwa wote. Kwa mama anayeuza ndizi mpakani, Jumamosi moja ya kufanya usafi kanisani ni chakula cha siku nzima. Kwa mwenye mshahara ni mapumziko yaliyopungua. Katika Marko 12, Yesu hakumpima mjane kwa wingi wa alichotia, bali kwa kuwa hakubakiwa na kitu. Tupangapo zamu, tusiwapangie walewale kila mara, kisha tukauita mzigo wao furaha.

Mwenye furaha katika utumishi na aendelee kufurahi. Ila aulize ni nani anazoa majivu, na safari hii ashike beleshi yeye.