Rangi iko wapi?

Nuru ya njano yenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 580, na mchanganyiko uliopimwa vizuri wa nuru safi nyekundu na kijani, huweza kuonekana sawa machoni ingawa kifizikia hazifanani. Sababu ni kwamba retina ina aina 3 za seli za koni, hivyo mwanga wowote huishia kuwa namba 3 tu. Hermann Grassmann aliweka kanuni za hesabu ya kuchanganya rangi mwaka 1853. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwangaza, CIE, iliunda “mtazamaji wa kawaida”, yaani wastani wa jinsi macho ya binadamu yanavyolinganisha rangi, kutokana na majaribio ya W. D. Wright na John Guild, yaliyotegemea macho ya watu 17. Ajabu ni kwamba rangi za msingi za mfumo wa CIE, X, Y na Z, hazilingani na nuru yoyote iliyopo.

Anayeamini kwamba rangi imo ndani ya kitu hubanwa na zile nuru mbili tofauti zinazoonekana sawa. Anayeiweka akilini peke yake husahau kwamba hesabu huanzia kwenye mwanga halisi unaopimika. Hoja yenye nguvu zaidi huiona rangi kuwa uhusiano kati ya kitu, mwanga na jicho. Hata hivyo, modeli ya CIE hutabiri tu lini nuru mbili zitalingana. Wekundu wenyewe unavyoonekana haisemi, na asiyeona tangu kuzaliwa anaweza kuikokotoa yote bila kosa.