Kweli na Halali

Asubuhi moja ya Juni 2025, jirani yangu hapa Songea, bibi mwenye umri wa kunizaa, alinijia na noti ya shilingi elfu kumi iliyokunjwa mara nne. Aliikuta ndani ya kanga, sandukuni, tangu enzi za uhai wa mumewe. Muuza mchele ameikataa.

“Mwanangu, nitazamie. Ni ya bandia?”

Nikaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndovu yupo. Uzi umepita ndani ya karatasi kama mshipa ndani ya ngozi. Na pale penye weupe, taratibu, kikajitokeza kichwa cha twiga, kama ilivyo desturi ya noti za toleo la 2003. Katika zile za toleo la 2010 twiga amempisha Mwalimu Nyerere. (Sura hiyo ya nuruni huitwa alama ya maji. Hapa Songea, waliponyongwa mashujaa wa Majimaji tarehe 27 Februari 1906, jina hilo hunishtua kidogo.) Nikapitisha kidole juu ya maandishi, nikahisi mwinuko wa wino. Mkono wa mghushi haukuwamo.

“Ni ya kweli, bibi,” nikasema, kisha nikanyamaza. Benki Kuu ilikwisha kutangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali.

Mimi mfasiri, na mara nyingi nimeyafanya maneno haya mawili kuwa ndugu. Siku ile yalikataana kiganjani mwangu. Kweli ya noti imo katika karatasi, haifutwi kwa tangazo. Uhalali wake haumo humo. Umo katika neno la aliyeitoa. Uzi, twiga na wino humkinga mwenye noti na mwongo wa kichochoroni, wala hazimkingi na kalenda.

Sisemi dola isibadili fedha yake. Karatasi huchakaa, waghushi nao hujifunza, na wapo wafichao mali wasiyoweza kuieleza. Lakini noti ni deni. Benki Kuu ya Uingereza hupokea noti yake yoyote kuukuu bila kikomo cha miaka. Na Ujerumani, iliyoingia katika noti za euro mwaka 2002, hata leo hubadilisha noti zake za mark. Kwao noti hufa dukani, haifi kwa mdeni. Miezi mitatu yamtosha mwenye redio na nauli. Yamfaa nini asiyejua kuwa anayo? Naona ni haki zaidi kumhoji mwenye magunia ya noti kuliko kumfungia mlango mwenye moja.

Nikamweleza yote. Alisikiliza, huku akiinyoosha noti juu ya goti.

“Na hizi za sasa, zenye Mwalimu,” akauliza, “mwisho wake lini?”